Kwa nini ukoo unakubali jini lakini haukubali ugonjwa wa akili?

#1 Kifaru Mpole
Wakuu, heshima kwenu.

Mdogo wangu ana miaka 24. Mwaka juzi, akiwa mwaka wa pili chuoni, aliacha kulala. Siku nne mfululizo anaandika ukutani kwa kalamu nyekundu, anasema wenzake wa bweni wamemwekea redio kichwani. Chuo wakatupigia simu tukamchukue. Tangu siku hiyo mpaka alipoandikiwa dawa hospitali ilipita miezi saba. Tulikuwa wapi miezi saba? Handeni kwa mzee mmoja, wiki tano. Halafu maombi ya kufunga na kukesha. Halafu mzee mwingine, huyu alitaka mbuzi mweusi na laki sita. Hospitali ilikuja mwisho, tena kwa sababu alimrushia baba jembe.

Sasa hivi anameza dawa, amepoa, anasaidia dukani kwa mjomba. Ninachotaka mnisaidie ni hiki. Mama anampa vidonge kila jioni kwa mkono wake mwenyewe, halafu jirani akiuliza anajibiwa "ni majini ya upande wa baba yake, tumeshayatuliza". Dada alipoletewa posa na wakwe wakaulizia habari za nyumbani, jibu lilikuwa "malaria ilimpanda kichwani". Jina la ugonjwa wote tunalijua, limeandikwa kwenye daftari la kliniki, na daftari lenyewe mama amelijalidi kwa gazeti kama la mtoto wa darasa la tatu.

Jini ana heshima gani ambayo ugonjwa hauna? Mimi ningeona aibu zaidi kusema nyumbani kwetu kuna jini.

#2 Chumvi Kidogo
Nimewahi siti ya mbele. Wajuzi njooni.

#3 Mzee wa Kilosa
Mleta uzi, ulipotaja posa ulishajijibu. Jini ni mgeni. Amekuja, atapewa anachotaka, ataondoka. Hata akikataa kuondoka ni wa mtu mmoja, anapigiwa ngoma, anafukiziwa ubani, maisha yanaendelea. Kurogwa nako hivyohivyo, mbaya ni aliyeroga, nyie mmeonewa. Lakini ukisema ugonjwa wa akili, umetaja damu. Sisi kabla ya kupeleka barua ya posa tulikuwa tunamtuma mtu akachunguze vitu vinne kwenye ukoo: uchawi, ukoma, kifafa na kichaa. Sijawahi kusikia mshenga aliyetumwa kuuliza malaria. Mama yako si mjinga, anamlinda dada yako.

#4 Dereva wa Semi
Mzee #3 naheshimu, lakini mimi naona kwingine. Watu hawaendi kwa mganga kufuata jina, wanafuata kusikilizwa. Nilimpeleka shemeji yangu. Kwa mganga tulifika saa moja asubuhi tukatoka saa kumi jioni. Aliulizwa alikosana na nani, nani alimkopa asimlipe, anaota nini, mama yake alizaliwa wapi. Alilia pale mpaka akanyamaza mwenyewe. Baadaye tukaenda hospitali ya wilaya. Kwenye benchi masaa matano, ndani dakika sita, nilizihesabu. "Unasikia sauti? Unaona vitu? Haya, chukua hii, rudi baada ya mwezi." Wewe ungerudi kwa nani?

#5 Chumvi Kidogo
Mkuu wa semi, saa moja mpaka saa kumi. Bili je? Usituruke hapo.

#6 Dereva wa Semi
Elfu themanini na majogoo mawili. Ila alipokea kidogo kidogo, jogoo la pili nilimpelekea baada ya mavuno.

#7 Nesi wa Zamani
Nimekaa wodi ya akili miaka 22, sasa nafuga kuku. Niseme mawili matatu.

Dakika sita ni kweli na inauma. Kliniki ni siku moja kwa wiki, watu themanini, mtoa huduma mmoja. Lakini mmezisahau dawa zenyewe. Tulizokuwa nazo ni klopromazini, ambayo wengi mnaijua kama Largactil, na haloperidoli. Zinatuliza, sikatai. Tangu zilipoanza miaka ya 1950 zimewafungua watu wengi minyororo. Ila haloperidoli ikizidi, mgonjwa anakakamaa shingo, macho yanageuka juu, anatembea kama kinyago, mate yanamtoka. Ndugu wakija kumwona hivyo wanasema "sasa ndiyo mmemmaliza". Kuna kidonge cha kuzuia hayo, Artane, nacho kina tabia ya kuisha stoo wakati kinahitajika. Hizi za baadaye kama olanzapini hazikakamazi sana, lakini mtu ananenepa, njaa haimwishi, na sukari inaweza kupanda. Kwa hiyo mgonjwa akiniambia hataki dawa simwiti mbishi. Namuuliza dawa gani, na ilimfanya nini.

La pili ni lile la "alikuwa na akili sana darasani, wakamwonea wivu". Kila kijiji kina hadithi hiyo. Skizofrenia, ule ugonjwa wa kusikia sauti na kuamini yasiyokuwepo, na wenzake hupenda kuanza mtu akiwa na miaka kati ya 15 na 30 hivi. Miaka hiyo mtoto yuko wapi? Yuko kidato cha sita, yuko chuo, yuko jeshini, ameanza kazi, ameoa. Chochote anachokifanya wakati huo ndicho kitakachobeba lawama. Akiwa shule ni vitabu, akiwa kazini ni wenzake, akiwa ameoa ni mke. Bangi mnaiacha, na hiyo kwa kijana mdogo ina mchango wake.

La tatu, msiicheke "malaria kichwani". Ipo. Malaria kali inamfanya mtu aweweseke, apigane na waliomshika. Anayechanganyikiwa ghafla na ana homa, apimwe malaria kabla ya kuitwa chochote. Shida ni ile malaria inayopanda kichwani miaka mitatu mfululizo na kipimo hakioni kitu.

#8 Pweza Mkavu
Mama, kuku unafugia wapi? Nataka mayai ya kienyeji.

Nikirudi kwenye mada, zamani hakukuwa na vichaa wengi hivi. Hospitali ya kwanza ya akili hapa nchini ni Mirembe, Waingereza, 1927. Kabla ya hapo waganga walitosha.

#9 Msambaa Macho Makavu
#8 si kweli. Lutindi, huku kwetu milimani Korogwe, ilipokea wagonjwa wa akili tangu enzi za Mjerumani, Mwingereza hajafika. Kilikuwa kituo cha watoto waliookolewa utumwani, wamisionari wakakigeuza kuwa cha wagonjwa. Mpaka leo ipo chini ya Walutheri, na wagonjwa wanafanya kazi za mikono na za shamba kama sehemu ya tiba. Babu yangu aliwauzia viazi. Kama waganga walitosha, hao wa Mjerumani walitoka wapi?

#10 Pweza Mkavu
Nimesahihishwa, asante. Lakini hujaonyesha kwamba zamani hawakuwa wachache.

#11 Msambaa Macho Makavu
Walikuwa wamefungwa nyuma ya nyumba, mkuu. Ungewahesabu saa ngapi?

#12 Kapuku Msomi
Kwa kuwa mmetaja malaria na mwaka 1927 kwenye uzi mmoja, sikieni hii. Mwaka huohuo daktari wa Austria, Julius Wagner-Jauregg, alipewa tuzo ya Nobel kwa KUWAAMBUKIZA malaria wagonjwa waliorukwa na akili kwa sababu ya kaswende. Homa kali ipambane na kaswende, halafu mgonjwa anapewa kwinini. Wapo waliopata nafuu, wapo waliokufa kwa malaria yenyewe. Mama wa mleta uzi akisutwa kwamba malaria na kichaa havikai sentensi moja, aseme hata Ulaya viliwahi kukaa, tena vikapewa tuzo.

#13 Nesi wa Zamani
Kapuku, malizia basi. Penisilini ilipokuja mambo hayo yakaachwa. Humu kuna watu wanajaribu kila wanachosoma.

#14 Ukhty wa Maskati
Assalaam alaykum.

Mimi mzaliwa wa Pemba, naishi Maskati. Mnalizungumza kama vile lazima mtu achague kimoja, kwetu haikuwa hivyo. Mama yangu alipojifungua mdogo wetu wa mwisho, siku ya tano akaanza kusema mtoto si wake, amebadilishwa. Hataki kumnyonyesha. Bibi akaleta kombe, yaani aya zilizoandikwa kisha zikaoshwa kwa maji, mama akanywa, akasomewa. Baba akampeleka Kidongo Chekundu, hospitali ya akili ya Unguja, akapigwa sindano. Alipopoa kila mtu alidai ni dawa yake. Bibi mpaka anaingia kaburini alisema kombe. Lakini aliyesema "huyu mpelekeni hospitali, hili ni la uzazi" alikuwa ni yuleyule sheikh aliyemsomea. Msiwaweke watu wa dini wote jahazi moja.

Na haya majina hayasaidii kitu. Huku hospitali ya akili inaitwa Al Masarra, maana yake furaha. Watu wanaona haya kuitaja vilevile.

#15 Kiboriloni Juu
Dada Ukhty, hiyo ya mama ilikuwa kifafa cha mimba. Ilimpata shangazi yangu.

#16 Nesi wa Zamani
Hapana #15. Kifafa cha mimba ni presha inapanda, mama anapata degedege, anaweza kufa siku hiyohiyo. Alichokieleza dada ni kichaa cha baada ya kujifungua. Kinampata mama mmoja au wawili katika kila elfu wanaojifungua, na mara nyingi kinaanza ndani ya wiki mbili za mwanzo. Vyote viwili ni dharura, mtu asisubiri kukuche. Na kifafa cha kawaida nacho si ugonjwa wa akili, ni hitilafu ya umeme wa ubongo. Kwa kuwa wagonjwa wake wengi wanachukulia dawa kliniki ileile ya akili, mtaani wanatiwa kapu moja. Mzee #3 naye kwenye orodha yake kavipanga jirani, nimemwona.

#17 Muganda wa Ntinda
Hiyo ya majina imenikumbusha. Kwa Kiganda, emirembe ni amani. Safari yangu ya kwanza Dodoma niliona kibao kimeandikwa Mirembe, nikamwambia wa bodaboda hapa panaonekana patulivu, nishushe hapahapa. Aliniangalia sana. Kwetu Kampala ni Butabika, na mtoto akizidisha utundu anaambiwa atapelekwa huko.

#18 Chumvi Kidogo
Hahaha, wa bodaboda alijua amebeba aliyetoroka anajirudisha mwenyewe. Zamani, serikali haijahamia, ukisema unakwenda Dodoma unaulizwa: bungeni au kule kwingine?

#19 Sitaki Jina
Nausoma uzi huu tangu jana. Naandika mara moja tu, msinitumie ujumbe wa faragha.

Nina kadi mbili. Moja ya CTC, kliniki ya wenye VVU, nipo kwenye ARV tangu 2011. Ya pili ya kliniki ya akili. Mume wangu anazijua zote. Kazini wanaijua ya kwanza, niliitangaza mwenyewe kwenye semina, wakanipigia makofi, bosi akanikumbatia. Ya pili hawaijui. CTC naingia mlango wa mbele, nasalimiana na watu. Kule kwingine navaa baibui na barakoa, na mimi ni Mkatoliki.

VVU havijawahi kumfanya mtu atilie shaka maneno yangu. Hii nyingine, siku wakiijua, kila nitakachosema kitapitishwa kwenye mzani kwanza. Nikilalamika posho imechelewa, "ameanza". Nikicheka, "ameanza". Dozi yangu ya zamani ya ARV ilikuwa na efavirenzi, nikawa naota ndoto za kutisha na mchana nina hasira ya kupasua vyombo. Daktari wa kwanza nilipomweleza alisema haraka, hiyo ni dawa, kumbe hakuwa ameiona kadi ya pili. Aliyekuja baada yake aliiona. Malalamiko yaleyale, akaniambia ni ule ugonjwa wako.

Mnauliza wagonjwa wanapenda tiba gani. Mimi napenda ile ambayo foleni yake ni moja na watu wa presha na kisukari, nikiitwa jina nisimame kama wao.

#20 Mzee wa Kilosa
Pole sana mwanangu. Wakuu, mnaona sasa? Ndicho nilichokisema, jina.

#21 Dereva wa Semi
Hapana mzee. Amesema hasikilizwi. Soma tena habari ya yule daktari wa pili.

#22 Msambaa Macho Makavu
Mimi nimesoma foleni.

#23 Kiboriloni Juu
Pole dada #19.

Naomba niwatetee wa mitishamba kidogo maana mnawapiga tu. India kwa karne nyingi walitumia mzizi wa mmea fulani kwa watu wenye wazimu. Miaka ya 1950 wataalamu wakatoa ndani yake dawa inaitwa reserpini, ikatumika hospitali za akili za Ulaya na Marekani wakati mmoja na hiyo Largactil ya Nesi. Mmea huo una ndugu zake Afrika, na sisi wa Kilimanjaro mmoja tunaishi naye: msesewe, ule ambao magome yake yanaipa mbege uchungu. Kwa hiyo babu zetu hawakuwa wanachimba mizizi kwa kubahatisha.

#24 Pweza Mkavu
Ndiyo maana Mchaga hata akilewa hesabu ya chenji haimpotei. Kumbe anatibiwa.

#25 Nesi wa Zamani
Ndugu yangu #23, historia yako iko sawa, lakini reserpini iliachwa kwa wagonjwa wa akili. Ilikuwa inashusha presha na ililaumiwa kuwaingiza watu kwenye sonona, na dawa nyingine zikaishinda. Na tafadhali, mgonjwa asipewe mbege kwa jina la tiba. Pombe na dawa hizi haviivi chungu kimoja.

#26 Kiboriloni Juu
Sijasema apewe. Nimesema ndugu.

#27 Mkaazi wa Kayole
Salamu kutoka Nairobi. Huku hospitali ya akili ni Mathari, ipo tangu 1910, na matusi ni yaleyale, kwa hivyo sitarudia. Nataka kuongeza kitu hamjagusa, yaani sheria. Kwa miaka yote mtu akijaribu kujiua akanusurika, alikuwa mhalifu. Binamu yangu alinusurika 2019. Kabla daktari hajauliza chochote, shangazi alishasema amekunywa kitu kwa bahati mbaya. Ikaandikwa bahati mbaya. Wakamtibu tumbo, wakamruhusu nyumbani, na hakuna aliyemuuliza roho yake ikoje. Shangazi hakuwa anaona aibu, alikuwa anaogopa seli. Januari 2025 Mahakama Kuu ya Kenya ilisema kifungu hicho, cha 226, kinakiuka katiba. Sasa angalau mama anaweza kusema ukweli hospitalini.

#28 Wakili wa Mtaani
Tanzania ni kifungu cha 217 cha Kanuni ya Adhabu, na kujaribu kujiua kwetu bado ni kosa. Tuna pia Sheria ya Afya ya Akili ya mwaka 2008, na waganga wana sheria yao ya tiba asili ya 2002, inawataka wasajiliwe. Wazee wawili wa mleta uzi walikuwa na cheti?

#29 Kifaru Mpole
Mmoja alikuwa nacho, amekitundika juu ya kitanda. Ndiye yule wa mbuzi.

#30 Kapuku Msomi
Kuna maelezo ambayo hakuna aliyeyaleta. Magonjwa mengi ya akili yana mawimbi. Mwenye ugonjwa wa mhemko, ukimpanda, anaweza kuchangamka kupita kiasi wiki kadhaa au miezi, halafu unashuka wenyewe hata asipotibiwa, na baadaye unarudi. Mgonjwa anapelekwa kwa mganga wimbi likiwa juu kabisa, maana ndipo nyumba inaposhindwa. Kuanzia hapo njia iliyobaki ni ya kushuka. Mganga akifukiza ubani siku hiyo, nafuu itamkuta ameshika chetezo. Likirudi, inaonekana ni jini jipya au mmekosea masharti. Hakuna anayemdanganya mwenzake hapo, mganga mwenyewe ameona kwa macho yake.

Na Dereva kuhusu kusikilizwa, kuna daktari wa Zimbabwe, Dixon Chibanda, alianza 2006 huko Harare na bibi wa mtaani. Akawafundisha, wakakaa kwenye benchi nje ya kliniki, mtu anakuja anazungumza na bibi. Wakauita ugonjwa kwa neno la Kishona, kufungisisa, kuwaza kupita kiasi. Utafiti ukafanyika, matokeo yakachapishwa 2016, waliokaa na bibi walipata nafuu kuliko waliopewa huduma ya kawaida. Sisi neno tunalo pia. Hakuna anayesema "nina sonona", mtu anasema "mawazo yamenizidi", na akisema hivyo hakuna anayemcheka.

#31 Nesi wa Zamani
Benchi la bibi ni zuri kwa mawazo na wasiwasi. Kijana anayesikia redio kichwani, bibi amshike mkono ampeleke kupata dawa. Tusichanganye.

#32 Mzee wa Kilosa
Bibi gani atakaa benchi bure mjini siku hizi?

#33 Nusu Mkate
Mleta uzi, nina ugonjwa unaofanana na wa mdogo wako, mwaka wa tisa huu. Nimelala wodini mara tatu. Nina mke, nina mtoto, ni fundi wa friji.

Nimehesabu waliochangia. Mama anataka jini, wakwe wanataka malaria, Mzee anataka jina, Dereva anataka muda, Nesi anataka dawa ifaayo, Kapuku anataka bibi. Mdogo wako anataka nini? Mimi mara ya kwanza nilichagua mganga mwenyewe, hakuna aliyenipeleka, na nilijua kabisa ninaumwa. Kwa mganga nilikuwa na kosa la kutengeneza: sikutoa sadaka ya babu. Nikitoa, yamekwisha. Daktari aliniambia dawa hizi huenda ni za miaka mingi. Nilikuwa na miaka 21. Wewe ungenunua habari ipi?

Nilirudi hospitali kwa sababu ya daktari mmoja aliyeniuliza ni kitu gani dawa isininyang'anye. Nikamwambia mikono, kazi yangu ni ya nyaya ndogondogo, haloperidoli ilikuwa inanitetemesha. Akanibadilishia. Basi.

#34 Kifaru Mpole
Hatujamuuliza.

#35 Pweza Mkavu
Miaka miwili?

#36 Kifaru Mpole
Nimekuambia hatujamuuliza.

#37 Chumvi Kidogo
Jamani mwacheni. Kwetu nani huwa anaulizwa? Mimi hata kidole tumbo nilitolewa nikaja kuambiwa nimeshatolewa.

#38 Kifaru Mpole
Nimerudi. Jana tumekaa naye dukani baada ya kufunga, nikamuuliza kama #33 alivyosema. Kwanza alidhani mama amenituma.

Alisema majini hayaamini, lakini anayapenda. Mama akisema majini, majirani wanamwogopa kidogo na wanamheshimu. Wakijua ni ugonjwa watamwonea huruma, na huruma yao inamaliza wateja wa duka. Malaria anaiona ya kijinga.

Dawa anazikubali, ila hapendi vidonge. Si kwa sababu ya kumeza. Anasema tangu aanze, akicheka kwa nguvu mezani, baba anamwangalia mama, mama anamuuliza "leo umemeza?" Akinyamaza, "leo umemeza?" Akikataa ugali, vilevile. Akasema kliniki alimsikia mwenzake anazungumzia sindano ya mwezi. Akipigwa hiyo, siku nyingine zote 29 hakuna wa kumuuliza.

Nesi, hiyo sindano ipo kweli?

#39 Nesi wa Zamani
Ipo. Zamani ilikuwa Modecate, ya kila wiki mbili mpaka nne hivi, na kuna nyingine za aina hiyo. Nayo inaweza kukakamaza, na ikishaingia mwilini huwezi kuitoa, kwa hiyo wanaanza na kiasi kidogo waone. Aende aiulizie yeye mwenyewe kwa mdomo wake, wewe kaa benchi nje. Na asiache vidonge kabla hawajapanga naye, hilo msicheze nalo.

#40 Nusu Mkate
Mimi nilikuwa kwenye sindano nikarudi vidonge. Sindano inaumiza tako siku mbili na foleni yake kila mtu anajua ni ya nini. Lakini hilo la "leo umemeza" nimecheka peke yangu hapa karakana. Mke wangu ameacha mwaka jana tu.

#41 Dereva wa Semi
Mama anasemaje?

#42 Kifaru Mpole
Mama hataki sindano. Nilidhani ni gharama, hapana. Alikaa kimya muda, akasema "sasa jioni mimi nitamfanyia nini?"

#43 Ukhty wa Maskati
Subhanallah. Mpeni mama kazi nyingine ya jioni.

#44 Mzee wa Kilosa
Na ile posa iliishia wapi? Maana umetuacha hewani.

#45 Kifaru Mpole
Mahari imeshatoka nusu, harusi Desemba. Wakwe walikuja wiki iliyopita kumsalimia mdogo wangu, wakamletea zawadi. Chandarua chenye dawa.